Gari likitetemeka: soma mtetemeko kwanza, spea baadaye

Katika maswali yote ya magari ninayoletewa na watu wa Voi, Mwatate na Taveta, moja linarudi kuliko mengine: "Ustadh, nikifika themanini usukani unanitetemeka mikononi. Ninunue nini?" Swali hilo limeanzia mwisho. Kununua kunakuja baada ya kujua, na mtetemeko wa gari ni kitu kinachoweza kujulikana, mara nyingi bila kutoa hata shilingi. Ujuzi wangu ni wa diploma ya umekanika wa magari na miaka mingi ya kusafiri kati ya Mombasa na Voi. Hayo yanatosha kwa jambo hili.

Gari la Taita Taveta hupewa mtihani ambao gari la mjini Mombasa halipewi. Kwa siku moja laweza kukimbia kwenye barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, likaingia njia ya vumbi ya Kasigau au Kishushe, halafu likapanda kona za Mwatate hadi Wundanyi na kuteremka tena. Barabara kuu hufichua gurudumu lisilo na uwiano, kwa sababu kasi ndiyo inayolifichua. Njia ya vumbi hupiga shoki na bushi, na hujaza rimu matope. Mlima nao hupika breki. Magonjwa ni matatu na dalili zake zinafanana kwa asiyesikiliza vizuri, ndiyo maana watu hununua dawa ya ugonjwa mwingine.

Namjua dereva mmoja wa Probox anayebeba abiria kati ya Voi na Taveta. Gari lake lilianza kutetemeka kwenye kilomita 85 hivi kwa saa. Gereji ya kwanza ilimuuzia shoki mbili za mbele. Mtetemeko ukabaki. Ya pili ikabadilisha tairodi na kumfanyia alainmenti, kisha alainmenti nyingine wiki iliyofuata. Ukabaki. Kila mara gari lilikaa ndani siku nzima, na mwenye gari akitaka hesabu yake jioni vilevile. Alipokuja kwangu nilimuuliza swali moja: "Ulibadilisha nini kabla haijaanza?" Akafikiri, akasema, "Rimu tu, ustadh. Nilinunua rimu za alumini." Kisa kilikuwa hapo, na nitakieleza mbele.

Maswali ya kujiuliza barabarani

La kwanza: unausikia wapi? Ukitetemeka usukani, shaka iende magurudumu ya mbele. Ukitetemeka kiti na sakafu huku usukani umetulia, angalia nyuma. Ukitetemeka gari likiwa limesimama na injini inanguruma tu, basi magurudumu hayana hatia. Hiyo ni mauntingi ya injini au injini yenyewe haichomi sawasawa.

La pili: kwa kasi gani? Mtetemeko unaoanza kwenye 80 na kuzidi hadi 100, pengine ukapungua ukivuka hapo, kwa kawaida ni gurudumu lisilo na balansi. Mtetemeko wa kasi ndogo, 20 au 30, gari likiyumba kama ngamia anayetembea, ni jambo zito zaidi. Tairi limeharibika kwa ndani, au rimu imepinda. Huo usiubebe hadi kesho.

La tatu: unafanya nini wakati huo? Ukija ukikanyaga breki tu, ni diski au dramu. Ukija ukikanyaga mafuta, hasa kwenye mlima, na kutoweka ukiachia, tazama sivi jointi ya ndani kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, au propela na krosi zake kwa Hiace na pikapu. Ukiwepo vilevile ukikanyaga au ukiachia, rudi kwenye magurudumu.

Jaribio hili lifanywe mahali palipo wazi na panyoofu, si nyuma ya trela. Aliyeketi kando yako ndiye aandike, wewe tazama barabara. Pia usizime injini gari likiwa linaenda ati usikilize vizuri. Usukani unaweza kujifunga, na breki hupoteza nguvu za kusaidiwa.

Nati na matope

Kabla ya chombo chochote cha gereji, zungukia nati. Nati iliyolegea hutoa mtetemeko unaofanana kabisa na wa balansi, tofauti ni kwamba huu unaweza kuling'oa gurudumu. Ukisikia mtetemeko mpya muda mfupi baada ya kutengeneza pancha, simama hapo hapo ukague. Nati hukazwa kwa mtindo wa nyota, moja kisha ya upande wa pili, gurudumu likiwa bado halijabeba uzito, halafu zinamaliziwa likishashuka chini.

Kiasi cha kukaza nacho kina hesabu yake. Toyota nyingi ndogo zinataka nguvu inayolingana na kilo kumi na nusu mwishoni mwa mpini wa mita moja. Wili spana yenye mpini wa sentimita 25 inataka basi kilo 42 hivi, yaani mkono wa mtu mzima anayesukuma kwa bidii, asiyeruka juu yake. Sasa mtazame kijana wa pancha anayechomeka bomba la mita nzima kwenye spana na kusimama juu yake kwa kilo 70: hiyo ni zaidi ya mara sita ya kinachotakiwa. Stadi zinavutika, na diski inaweza kukaa upande. Mwezi mmoja baadaye breki zinatetemeka, na hakuna anayelikumbuka lile bomba.

Gurudumu lililofunguliwa likazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Kwa anayetoka Mombasa hesabu hiyo inaangukia karibu na Mackinnon Road, na wengi wetu husimama pale kwenye msikiti wa Sayyid Baghali Shah. Mimi huzungukia nati kabla ya kwenda kutawadha. Hazichukui dakika mbili.

Kisha matope. Udongo wa Voi ni mwekundu na unashika. Ukipita njia ya Kasigau baada ya mvua, unaingia ndani ya rimu, upande usiouona, na jua la mchana linaukausha ukawa kama tofali. Dereva anaosha gari kwa nje, rimu zinang'aa, mtetemeko uko pale pale. Chukua kijiti au bisibisi, pitisha mkono nyuma ya rimu, kwangua, kisha mwaga maji mengi. Nimeona magari kadhaa yakipona hivyo, na wenyewe walikuwa tayari wameshapewa orodha ya spea.

Usione ni jambo dogo. Gurudumu la rimu ya inchi 14 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa huzunguka kama mara kumi na tano kila sekunde. Uzito wa gramu 30 tu uliozidi ukingoni mwa rimu hulivuta gurudumu kwa nguvu ya kilo tano hivi, mara kumi na tano kila sekunde. Bonge la tope la gramu 150, ambalo kiganjani halikulemei, linavuta kwa zaidi ya kilo ishirini. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hivyo kwenye 50 inabaki robo yake. Ndiyo sababu mjini Voi husikii kitu, na ukifika Maungu usukani unacheza.

Balansi si alainmenti

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Alainmenti ni kupanga magurudumu yaelekee upande mmoja. Inatibu gari linalovuta kushoto au kulia, usukani uliokaa upande, na tairi linaloliwa pembeni. Balansi ni kusawazisha uzito wa gurudumu lenyewe linapozunguka. Inatibu mtetemeko. Gari linalotetemeka bila kuvuta upande wowote halina haja ya alainmenti, na fundi anayekuuzia alainmenti kwa ugonjwa huo ama hajui ama mashine yake ya balansi imekufa.

Ukienda kwenye balansi, simama uangalie. Rimu isafishwe kwanza, ndani na nje, na vile vyuma vidogo vya zamani ving'olewe vyote. Gurudumu lifungwe likae katikati ya mashine barabara. Mashine huonyesha upungufu wa upande wa ndani na wa nje, na baada ya kubandika vyuma lizungushwe tena hadi pande zote zisome sifuri. Wengine hubandika wakaishia hapo, dai lizungushwe. Mashine ikidai zaidi ya gramu mia kwa gurudumu la gari dogo, usikubali libandikwe chuma kama hirizi. Tairi ligeuzwe nusu mzunguko juu ya rimu, lijaribiwe upya. Likidai vilevile, tairi au rimu ni mbovu.

Dawa ya maji ya kuziba pancha, ile inayomiminwa ndani ya tairi, nayo huvuruga balansi kwa kuwa hutulia chini gari likisimama. Ni msaada wa kukufikisha gereji, usiishi nayo.

Ama yule dereva wa Probox: tundu la katikati la rimu zake mpya lilikuwa kubwa kuliko habu ya Toyota, ambayo kwa gari lake ni milimita 54.1. Rimu nyingi za dukani hutobolewa kubwa ili ziingie magari ya kila aina, na nafasi inayobaki huzibwa kwa pete maalumu ya plastiki au alumini. Hakupewa pete. Isitoshe alifungiwa nati za zamani za rimu za chuma, ambazo hazikuwa na umbo la kukalia matundu ya rimu zile. Gurudumu lilikuwa limening'inia kwa nati, nje ya katikati kidogo tu, na hicho kidogo kilitosha. Alinunua pete nne na nati zinazofaa, magurudumu yakapigwa balansi upya, na gari likatulia. Zile shoki mbili za mwanzo hazikuwa na kosa lolote.

Tairi lenyewe

Voi ina joto, na barabara kuu ya mchana ni moto zaidi ya hewa. Tairi lenye upepo mdogo, lililobeba abiria na mizigo juu ya kipimo, hujikunja kila mzunguko na kujipika lenyewe. Tabaka za ndani huanza kuachana kabla ya macho kuona chochote. Dalili ya kwanza ni ile yumbayumba ya kasi ndogo niliyoitaja, kisha nundu pembeni au juu ya meno. Tairi lenye nundu halina matibabu. Litolewe, na lisiwekwe hata kama tairi la akiba.

Kulichunguza ni rahisi. Paki pahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini, piga jeki hadi gurudumu lielee. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Simamisha kijiti ardhini kikaribie ukingo wa rimu bila kuugusa, kisha zungusha kwa mkono. Nafasi ikipanuka na kusinyaa kwa zaidi ya milimita moja na nusu hivi, rimu imepinda. Rudia kwenye meno ya tairi. Rimu ya chuma iliyopinda kidogo hunyoshwa. Ya alumini iliyopata ufa na kuchomelewa mimi siifungi kwenye gari linalobeba watu, na sijali imepakwa rangi nzuri kiasi gani.

Pitisha kiganja juu ya meno. Ukihisi mabonde na vilima, shoki zimechoka na tairi limekuwa likirukaruka. Hapo ndipo shoki zinapostahili kununuliwa. Na kabla ya kununua tairi, la dukani au la mitumba, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari ulioanza kwa herufi DOT: 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa rafu.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usipunguze upepo mchana kwa kuwa umepanda. Umepanda kwa sababu ya joto, ukipoa utakuwa umebaki na pungufu.

Breki za kuteremka Wundanyi

Mtetemeko wa breki nauona zaidi kwa magari ya mlimani. Dereva anateremka kutoka Wundanyi mguu uko kwenye breki kona baada ya kona, wengine wakiwa wameweka fri ati kuokoa mafuta. Anafika Mwatate diski zinafuka, anasimama na kuendelea kukandamiza breki. Padi hubandika utando wake mahali pamoja kwenye diski yenye moto, na kuanzia siku hiyo kila akishika breki kanyagio linampiga mguu. Mwingine humwagia diski maji kuzipoza. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji ghafla hupinda au hupasuka.

Tumia gia ndogo kuteremka, breki zishikwe kwa vipindi na kuachiwa. Ukisimama chini na ardhi ni tambarare, weka jiwe gurudumuni uachie breki zipoe.

Diski ikishaharibika, tofauti ya chini ya sehemu ya kumi ya milimita inatosha kutetemesha gari zima. Kabla ya kuibadilisha, fundi aitoe asafishe kutu na udongo mwekundu uliokaa kati ya diski na habu, maana huo peke yake unaweza kuilaza upande. Kupiga diski mashine kunakubalika ikiwa unene utakaobaki hautashuka chini ya kipimo kilichogongwa kwenye diski yenyewe. Ukishuka, nunua mpya, tena mbili, kushoto na kulia. Kama mtetemeko unakuja baada ya mwendo wa dakika ishirini na gurudumu moja lina joto na harufu kuliko mengine, kalipa imekwama na haiachii. Karibisha mkono polepole bila kugusa chuma, utajua.

Vilivyolegea

Gurudumu likiwa juu ya jeki, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, shaka iko kwenye beringi au boljointi. Lishike kushoto na kulia utikise. Likicheza hivyo tu, ni tairodi. Mwenzako akikanyaga breki na mchezo ukaisha, ni beringi. Beringi mbovu hunguruma zaidi ya kutetemeka, na kona za Wundanyi ni shule nzuri: ukikata kushoto uzito unalalia kulia, na mngurumo ukizidi hapo, ya kulia ndiyo ya kutazamwa.

Vitu hivi vikilegea kidogo kwa kawaida havileti mtetemeko peke yake. Vinaukuza ule mdogo uliokuwepo. Kwa hivyo fundi akibadilisha tairodi na mtetemeko ukapungua bila kuisha, hakukudanganya, lakini mzizi bado hajaufikia. Tairodi ikishabadilishwa, hapo sasa alainmenti ni lazima.

Ukikushika ghafla barabarani

Mtetemeko mkali ukianza ukiwa kwenye kasi, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta, acha gari lipunguze lenyewe, kisha toka kabisa nje ya lami, uwashe taa za tahadhari na kuweka pembetatu mbali nyuma, kwani trela lililobeba kontena halisimami kwa hatua chache. Abiria washuke upande usio wa barabara.

Kwenye barabara ya Taveta, pale inapokatiza Tsavo Magharibi baada ya Maktau, tazama kwanza pande zote kabla ya kufungua mlango, maana tembo hawangoji umalize kufunga tairi. Ukipata simu na mahali panatisha, kaa ndani uite msaada. Na ndani ya buti kuwe na kipande cha ubao wa unene wa inchi moja na nusu hivi, kiasi cha kitabu kikubwa. Udongo wa kandokando ya barabara zetu ni laini, na jeki isiyo na ubao chini yake huzama kabla gurudumu halijainuka.